Kabla Mpelelezi Hajafika

3 Februari

Shangazi mpendwa,

Shikamoo. Leo nitavunja adabu ya barua: nitatanguliza swali, salamu zifuate, kwa sababu swali lenyewe limenikaa kooni miaka mingi na naogopa kwamba nikianza na salamu nitalikwepa tena. Swali ni hili: ninapomsaidia mtu aliyeumizwa, ni yeye ninayemtuliza, au ninaituliza nafsi yangu mwenyewe, isiyoweza kustahimili kumtazama?

Sasa salamu. Goti linaendeleaje? Bado unalipaka ile dawa ya jirani yako fundi viatu, au umekubali kumwona daktari mwenye cheti? Mimi ni mzima, isipokuwa macho, ambayo yamechoka kwa kusoma.

Kama nilivyokudokezea, nimechaguliwa kwenye mafunzo ya miezi minne ya watu watakaowahudumia waathiriwa wa uhalifu. Tukihitimu tutakaa kwenye madawati ya hospitali na mahakama, tumpokee aliyeibiwa, aliyepigwa, aliyeuliwa ndugu, na kumsindikiza tangu siku ya kwanza hadi siku ya hukumu. Nakuandikia badala ya kupiga simu kwa kuwa sheria uliitunga wewe: simu ni ya kuulizana mmekula nini, mambo mazito yana karatasi yake.

Tuko kumi na sita, kwenye chumba cha ghorofa ya pili chenye viti vya plastiki vilivyopangwa duara. Wapo wauguzi, walimu, karani wa mahakama, na askari mstaafu ambaye wote tunamwita Afande. Mkufunzi wetu ni mwanamke mwembamba asiyepandisha sauti. Ukutani amebandika orodha ya maneno aliyoyapiga marufuku: “Najua unavyojisikia.” “Shukuru Mungu uko hai.” “Jikaze.” “Kwa nini hukupiga kelele?” Afande aliisoma mpaka mwisho, akakuna kidevu.

“Sasa mkufunzi, ukituondolea haya tutabaki na nini? Miaka thelathini kazini, maneno yangu ndiyo hayo hayo.”

“Utabaki na masikio, Afande,” akajibiwa.

Juzi tulipewa zoezi la dakika tatu. Mwenzako anajifanya ameporwa sasa hivi. Wewe unakaa mbele yake, unasikiliza, hutulizi wala hushauri. Shangazi, dakika ya pili haikuisha. Nilijikuta nimesimama, ninanyoosha viti vilivyokuwa vimekaa upande. Mkufunzi aliandika kitu kwenye daftari lake, kisha akaniuliza kwa upole kabisa: “Ulikuwa unamhudumia nani, dada huyu au viti?”

Tumepewa kazi ya nyumbani: kumuuliza mtu aliyepitia uhalifu ni nani aliyemsaidia kweli, na alifanya nini hasa. Sina mwingine wa kumuuliza ila wewe. Tangu mchana ule ulipovamiwa dukani kwako, miaka tisa sasa, mimi na wewe tumelizunguka jambo hilo kama watu wanaozunguka shimo njiani. Usipotaka kujibu, niandikie vichekesho vya fundi viatu, nami nitamwambia mkufunzi sikumpata mtu.

Mwanao wa kaka.


17 Februari

Mwanangu msomi,

Marahaba. Goti lipo, limekataa kunitangulia. Daktari mwenye cheti nimemwona, akasema nipunguze kukaa kwenye cherehani. Nikamwambia na yeye apunguze kukaa kwenye kile kiti chake cha kuzunguka, kisha tukutane tuone nani kapona. Huku sote wazima. Fundi viatu anakusalimu, anasema ukishakuwa mkubwa serikalini usimsahau, viatu vya wakubwa navyo hutoboka.

Swali lako gumu sina jibu lake. Mimi nashona. Nguo ikikukaa vizuri, sijiulizi kama nimeshona kwa ajili yako au kwa ajili ya sifa. Lakini hilo la kazi ya nyumbani nitakujibu, maana tangu udogo hukuwahi kukosa kazi ya shule mimi nikiwepo.

Walikuwa watatu. Wa kwanza ni muuguzi aliyenishona nyuzi saba kichwani. Kabla hajanigusa aliniambia, “Mama, naomba nikushike kichwa, nianzie upande gani?” Siku ile nzima hakuna aliyeniuliza ninachotaka. Aliyenipiga hakuuliza, walionibeba hawakuuliza, hata walionipa pole walinishika bila kuuliza. Huyo mmoja akaniuliza. Nikajua bado mimi ni mwenye kichwa changu.

Wa pili ni huyu jirani. Kesho yake alihamishia sanduku lake la kazi mlangoni kwangu akasema, “Huku kuna kivuli kizuri.” Mwongo mkubwa! Jua lilimpiga utosini kutwa, wiki mbili. Hakuniuliza kilichotokea hata siku moja. Alikuwa anagonga misumari tu, nami nikisikia nyundo yake najua mlango una mtu.

Wa tatu ni wewe. Nilirudi kutoka hospitali jioni ile najiambia sitaweza kuvuka kizingiti. Nikafungua, nikakuta sakafu inang'aa kama sahani, mkasi umerudi kwenye msumari wake, bilauri imefunikwa, gauni langu walilonivua kabla ya kunibeba lipo kwenye kamba linachuruzika maji safi. Hakuna hata tone la damu. Nikavuka. Kaandike hilo, na uandike kwa herufi kubwa.

Ya mahakamani usiniulize. Yameshaota nyasi.

Shangazi yako.


6 Machi

Shangazi mpendwa,

Shikamoo. Nakuombea goti litulie na daktari apunguziwe kiti. Mimi mwili mzima; mengine utayaona humu.

Muuguzi wako na fundi viatu nimewapeleka darasani. Mkufunzi aliniomba nisome mara mbili ile sentensi ya “nianzie upande gani”, na wauguzi wote watatu wakainakili. Wa tatu wako sikumtaja. Nilidhani ni haya tu ya kujisifu.

Wiki hii tumeanza somo la ushahidi. Mkufunzi hutumia mafaili halisi ya kesi zilizofungwa, majina yakiwa yamefunikwa kwa wino mweusi. Kila kundi la watu wanne hupewa faili moja na kazi moja: tafuteni mahali kesi ilipovunjikia. Kundi letu lilipewa faili jembamba, na mimi ndiye niliyekuwa nasoma kwa sauti. Fundi cherehani, mwanamke, miaka arobaini na sita. Saa saba mchana. Mwanamume aliyeleta suruali ya kupunguzwa, akaomba maji ya kunywa.

Hapo nikaacha kusoma. Karani wa mahakama, aliyekaa pembeni yangu, akadhani ni macho. Akalichukua faili, akaendelea yeye. Kwamba alikupiga kwa pasi. Kwamba mlipovutana alijikata kiganja kwa mkasi wako, damu yake ikamwagika sakafuni na kwenye gauni lako. Kwamba aliondoka na cherehani ndogo ya umeme na furushi la nguo za wateja. Kisha sentensi hii, ambayo sasa naijua kwa moyo: “Mpelelezi alipofika asubuhi alikuta eneo la tukio limesafishwa lote. Mlalamikaji anakiri kwamba alisafisha mwenyewe.” Na mbele kidogo, wakili wa mshtakiwa akiuliza mwanamke aliyepasuliwa kichwa anapata wapi nguvu za kupiga deki, kama kweli alipasuliwa na mtu. Mahakama haikukuamini. Mtu yule aliachiwa.

Afande alipiga kofi mezani. “Ndipo hapa ilipovunjikia. Mama huyu ama mwongo ama mzembe. Damu ya mwizi iko chini, alama za vidole ziko kwenye bilauri, yeye anakimbilia ndoo!”

“Labda alitaka wapelelezi wakute pasafi,” akasema mwalimu mmoja. “Si unajua wageni.”

Wakacheka. Na mimi, Shangazi, nilitabasamu. Naandika neno hilo nikiwa na akili zangu timamu: nilitabasamu.

Aliyekimbilia ndoo ni mimi. Wewe ulikuwa hospitalini. Jirani alinipa ufunguo, nikapiga magoti, nikasugua mpaka nyufa za sakafu. Nilikuwa na miaka ishirini na moja na sikujua jambo jingine la kufanya na upendo wangu. Alfajiri nikaondoka kwenda kwenye mtihani. Baadaye ukaniambia kwamba ushahidi haukutosha, nami sikuwahi kuuliza ulikwenda wapi. Leo najua: niliumwaga mtaroni, ndoo tatu.

Kwa nini ulisema ni wewe?

Mwanao wa kaka.


14 Aprili

Shangazi mpendwa,

Shikamoo. Ni wiki tano na siku nne sasa. Nimepiga simu mara tatu, na mara zote fundi viatu ndiye anayepokea. Ya kwanza alisema, “Yupo, anashona.” Ya pili, “Yupo, anasema mdomo anao ila leo haujafunguliwa.” Ya tatu alishusha sauti: “Binti, mwache. Mashine inakimbia kuliko siku zote, na wateja hatuna.” Basi nimejua kwamba u mzima, na nimejua kwamba umeumia.

Nakuandikia tena bila kungoja zamu yangu kwa sababu nina kosa jipya, na lazima ulisikie kutoka kwangu.

Siku tatu baada ya kukuandikia, nilisimama darasani. Nilisema: mama yule si mwongo wala mzembe, ni shangazi yangu, na aliyesafisha ni mimi. Afande alivua kofia. Kisha akasema, kama anayejisemea, “Sentensi ile nimeiandika mara nyingi sana. Sikuwahi kuuliza ni nani aliyefika kwanza.” Muuguzi mmoja alilia. Nami nilijihisi mwepesi, Shangazi, mwepesi kama mtu aliyetua kuni, na nikaudhani wepesi huo kuwa ni haki iliyotendeka.

Mkufunzi aliniita kwenye korido, karibu na kabati la mafaili.

“Ulimwomba ruhusa?”

“Nani?”

“Mwenye kesi.”

Akaendelea, sauti ile ile isiyopanda: “Wino ule haukupakwa kwa mapambo. Watu kumi na watano sasa wanamjua mwanamke aliyefichwa chini yake, na baadhi yao watafanya kazi mji wake. Nataka ufikirie: pale uliposimama, ulikuwa unamwokoa nani?”

Amekiweka cheti changu kando. Hatakitoa mpaka wewe ujulishwe kwamba nimeitangaza kesi yako bila idhini, na useme lolote unalotaka kusema, hata kama ni neno moja la kunifukuza. Naona amefanya sawa. Sikuombi uniokoe, nakuomba useme kweli, kwa kalamu yako au ya mwingine.

Liko jambo la pili, na hili ni zito zaidi. Faili lako lilikuwa limefungwa kwa uzi mmoja na faili jingine. Miezi kumi na minne baada yako, mtu yule yule aliingia kwenye saluni ya msusi, mchana, akaomba maji. Msusi alivunjwa mkono na taya. Safari hii hakuna aliyesafisha, na mtu yule akafungwa. Nimejaribu kulisoma faili hilo kama msomi anavyosoma, kwa kupima sababu moja moja, na kila njia ninayoifuata inanirudisha kwenye ndoo. Wewe unaweza kunisamehe kwa upande wako. Kwa upande wa mwanamke huyo, ni nani anayeweza?

Mwanao wa kaka.


29 Aprili

Mwanangu,

Marahaba. Mimi mzima, goti nalo lipo lipo. Nilinyamaza kwa sababu barua yako ya Machi iliniliza na ya Aprili ikanikasirisha, na mimi siandiki nikiwa katika hali hizo. Mkono unapinda kama mshono wa mwanafunzi.

Nianze na hasira, nikishaitoa tutakaa vizuri. Umenifua mara ya pili. Mara ya kwanza hukujua, ulikuwa mtoto umeshika ndoo. Safari hii umesoma, una vitabu, una mpaka orodha ukutani, na bado umenichukua umenianika mbele za watu ili wewe ukauke. Siku ile ya mahakamani watu walinicheka, nikarudi nyumbani nikaifungia aibu ile kwenye sanduku langu, sanduku langu mimi. Nani kakwambia ulifungue? Mwambie mkufunzi wako nimejulishwa, nimekasirika, na nimesamehe, kwa mpangilio huo huo, asiupindue. Na mwambie ukirudia nitakuja na futi yangu ya mbao mpaka hapo ghorofa ya pili, goti au bila goti. Mwanamke huyo nimempenda. Cheti akupe.

Sasa swali lako. Asubuhi ile mpelelezi alikuja na watu wawili. Alisimama mlangoni, akatazama chini, akasema, “Ni mjinga gani aliyesafisha hapa?” Hakusema nani, alisema mjinga gani. Wewe ulikuwa umeondoka saa kumi na moja alfajiri, vidole vimechubuka kwa sabuni, daftari kwapani. Nikaona nikikutaja, watakufuata huko huko kwenye mtihani, watakusimamisha, watakuuliza nani alikutuma, labda unamjua mwizi. Siku ile nilikuwa nimeshapoteza vya kutosha. Nikasema, “Mjinga mwenyewe ni mimi, karibu ndani.” Haikunichukua hata pumzi mbili. Wewe unaweza kukaa miaka tisa na swali, mimi nilikuwa na pumzi mbili.

Na wakili yule aliponiuliza nguvu za kupiga deki nilizitoa wapi, nilimjibu, “Hizo hazimwishi mwanamke, kaulize nyumbani kwako.” Watu wakaangua kicheko, hakimu akakunja uso kama limau. Kwa hiyo usijipe ukubwa usio wako. Labda kesi haikuvunjikia kwenye ndoo, labda ilivunjikia kwenye mdomo wangu! Ningesema kweli tungeshinda? Sijui. Wala wewe hujui, hata usome mafaili ya nchi nzima.

Hilo la msusi. Kaa chini kwanza.

Ninamjua. Nilimjua kabla ya faili lako. Aliposhambuliwa habari zilifika sokoni siku ya pili, na maelezo ya mtu aliyeomba maji. Nikafunga duka nikaenda hospitali, sijulikani na mtu. Nikamwambia, “Aliyekuumiza alipita kwangu kwanza. Mimi nilisafisha damu yake, ndiyo maana walimwachia.” Alinitazama sana, taya limefungwa, hawezi kusema. Kisha akasogeza miguu kitandani nipate pa kukaa. Nikakaa. Nimekaa miaka karibu minane sasa. Nilimsindikiza mahakamani siku zote sita, nikamwambia wakili akikuuliza hivi usijibu kama nilivyojibu mimi. Ndiye anayenisuka kila mwisho wa mwezi. Alinisamehe, mwanangu. Msamaha ule niliupokea mimi, lakini haukuwa na vipimo vyangu. Ulikuwa wako, nami nimekuvalia muda wote huu.

Anajua unamaliza mafunzo. Anataka akusuke kabla hujaanza kazi, anasema mtu wa dawati hawezi kukaa mbele za watu na kichwa kama kiota. Njoo mwisho wa Mei. Kusema au kunyamaza sikuamulii. Langu nilishaliamua.

Na lile nililoandika Februari sijalifuta. Asante kwa sakafu ile. Iliharibu kesi, inawezekana. Mimi ilinivusha.

Shangazi yako.


10 Juni

Shangazi mpendwa,

Shikamoo. Nimefika salama, na natumaini goti limenisamehe kwa kukupandisha ngazi zile za saluni. Asante kwa siku nne za kulala kitanda kimoja na wewe na kukusikiliza ukikoroma, na asante kwa sketi mbili za kazini, ambazo kwa mara ya kwanza maishani umezishona bila kunipima. Zimenikaa sawasawa.

Mkufunzi aliisoma barua yako akiwa amesimama. Alipofika kwenye futi ya mbao alicheka mpaka akavua miwani. Sikuwahi kumwona akicheka. Aliniuliza kama unaweza kukubali, siku moja, kuja kuzungumza na darasa jipya. Nilimwambia hilo si langu kujibu, nitakuuliza. Basi nakuuliza, una hiari ya kukataa bila sababu. Kisha akanipa cheti, na Afande akapiga makofi ya peke yake kabla wengine hawajaanza. Jumatatu naanza kazi hospitalini, kwenye chumba kidogo kando ya dirisha la dawa: meza, viti viwili, na mlango usiofunga vizuri, ambao nimeshamwomba fundi aje auone.

Nataka kukueleza kilichotokea saluni ulipotoka kwenda kununua uzi, maana nilirudi nimenyamaza nawe hukuniuliza, na najua kutouliza kwako kulikugharimu.

Alikuwa amenikalisha chini, kichwa changu kati ya magoti yake. “Inamisha shingo,” akasema. “Wasomi mna shingo ngumu.” Nikainamisha. Mkono wake wa kulia haunyooki vizuri. Alipofika kwenye nywele za kisogoni nilihisi anautumia wa kushoto.

“Unajua shangazi yako alinifanyia nini?” akaanza mwenyewe. “Waliokuja hospitali wote walikuwa na maswali. Kwa nini ulimfungulia, kwa nini ulikuwa peke yako. Yeye akaja na kosa lake.”

“Hukumkasirikia?”

“We! Wiki nzima. Nilikuwa namnunia huku nanywa uji wake. Kwa mrija, maana taya hili lilikuwa limefungwa waya. Lakini mtu akishakuletea kosa lake mkononi, utamrushia nini tena? Akanifundisha kulala. Akanifundisha kujibu mahakamani. Mimi najiambia, lau asingesafisha siku ile nisingeumia, ni kweli. Na lau asingesafisha nisingempata. Sasa mahesabu hayo nani atayafanya? Mimi nimeshaacha. Geuza kichwa.”

Nikageuza. Maneno yalikuwa yameshafika mdomoni, Shangazi, hata nilikuwa nimevuta pumzi. Akasimamisha vidole.

“Mbona unatetemeka? Nimevuta sana?”

“Hapana,” nikasema. “Endelea tu.”

Akaendelea. Ndivyo ilivyokuwa, na hakuna zaidi ya hapo.

Tangu nirudi nimekuwa nikilipima jambo hili, na nitakuandikia mahali nilipofika, ambapo si mbali. Nikimwambia kweli, namrudishia haki ya kujua ni nani hasa aliyemsamehe. Papo hapo naligusa jambo analolishukuru kuliko yote: mtu mmoja aliyemjia na kosa lake mwenyewe. Nitakuwa nimemwambia kwamba halikuwa lako. Nikinyamaza, naendelea kuvaa msamaha ulioshonewa mwingine. Kwenye mafunzo tulifundishwa kwamba usipojua, muulize mwenyewe. Nimejaribu kulitunga swali hilo na halitungiki, kwa maana siwezi kumuuliza kama angependa kulijua jambo hili bila ya kuwa tayari nimemjulisha kwamba lipo.

Tena kila njia inanifaa mimi. Kusema kutanipa ule wepesi nilioupata darasani; kunyamaza kutanipa usalama. Ningeona njia moja inayoniumiza mimi tu na kumfaa yeye, ningeifuata leo hii. Sijaiona. Huenda haipo, na huenda mimi si mtu wa kuiona, kwa kuwa anayetazama ndiye anayetaka kupona. Wewe ulikuwa na pumzi mbili na ulichagua vema. Au hukuchagua vema, na mimi nimekua katika kivuli cha kosa zuri. Hilo pia silijui. Ninachokijua bila shaka ni kwamba miaka tisa umenibebea mzigo bila kunionyesha hata bega lako, na kwamba neno asante, kila ninapoliandika, naliona fupi. Naliandika hata hivyo. Asante, Shangazi.

Mfikishie salamu msusi. Wenzangu wote wamezisifu nywele. Upande wa kushoto amezikaza mno, kichwa kinaniuma hadi sasa, na hilo nalo sikumwambia.

Mwanao wa kaka.